Singeli kwenye bufa, pedi mkononi: Muziki unakupa bao au unakufungisha?

DAKIKA ya 88, matokeo ni 1-1. Straika amebaki yeye na kipa. Kijana aliyeshika pedi anabonyeza kitufe cha kupiga, mpira unapaa juu ya mtambaa panya na kibanda kizima kinalipuka kwa kelele.

Pembeni, bufa linaendelea kudunda singeli kama vile hakuna kilichotokea. Dakika moja baadaye anapigwa shambulizi la kushtukiza, nyavu zinatikisika, mechi imeisha. Anaachia pedi, anatoa mia tano yake, anarudi nyuma kwenye foleni.

Ukiwa mzoefu wa vibanda vya gemu vya Manzese, Mbagala au Tandale, unajua kinachofuata. Kisingizio cha kwanza ni pedi, eti kitufe kinanata. Cha pili ni timu, eti hii ya leo wachezaji wamechoka. Cha tatu ni muziki, eti bufa limemvuruga.

Viwili vya kwanza vina wenyewe. Hicho cha tatu hakistahili kuchekwa haraka. Watafiti wa nchi mbalimbali wameshawakalisha watu mbele ya skrini, wakawafungulia muziki, wakaangalia nani anacheza vizuri na nani anaharibu. Walichokikuta kinamhusu moja kwa moja kijana aliyepaisha ule mpira.

FIFA ILIKUWA NA DJ TANGU ZAMANI

Muziki wa kielektroniki na gemu la mpira ni marafiki wa siku nyingi. Wale waliocheza FIFA 98 kwenye kompyuta au PlayStation ya kwanza wanakumbuka gitaa la Blur pale mwanzoni. Lakini ndani ya gemu hilohilo kulikuwa na The Crystal Method, kundi la Marekani lililokuwa linatengeneza midundo kwa mashine.

Mwaka uliofuata FIFA 99 ikafunguliwa na Fatboy Slim, DJ wa Uingereza. FIFA 2001 ikaja na Moby. Kizazi kizima cha mashabiki kilizijua hizo nyimbo kwa sababu ya gemu. Redio wala disko havikuhusika.

Ila kuna kitu ambacho wengi walikiona bila kukitilia maanani. Zile nyimbo zilipigwa wakati gani? Zilipigwa wakati unachagua timu, unapanga kikosi, unabadilisha mfumo kutoka 4-4-2 kwenda 4-3-3. Kipenga cha kuanza mechi kikilia, muziki unazima. Wanabaki mashabiki, mtangazaji na mlio wa mpira kugonga mguu.

Ndivyo ilivyo kwa kawaida mpaka leo, hata baada ya gemu hilo kuachana na jina la FIFA mwaka 2023 na kuitwa EA Sports FC. Waliolitengeneza walitafuta muziki mkali na kuulipia, halafu wakauzima mechi ilipoanza. Hapo tayari kuna somo, na tutalirudia.

HAILE NA WIMBO WAKE

Kwanza tumpe muziki haki yake, maana nguvu anayo. Februari 1998, Haile Gebrselassie wa Ethiopia alikimbia mita 2,000 ndani ya ukumbi mjini Birmingham, Uingereza. Wakati anakimbia, spika za ukumbi zilikuwa zinapiga Scatman, wimbo wa dansi wa kielektroniki uliotamba sana miaka hiyo. Alimaliza kwa dakika 4 na sekunde 52.86, rekodi ya dunia.

Hadithi hiyo anapenda kuitumia Profesa Costas Karageorghis wa Chuo Kikuu cha Brunel, London, mtu aliyetumia miaka mingi kuchunguza muziki na michezo. Maelezo yake ni mepesi kuelewa. Mwili unapenda kufuata mdundo. Mdundo ukiendana na hatua za mkimbiaji, anatumia nguvu vizuri na uchovu anausikia kwa mbali.

Utafiti wake umeonyesha kwamba kwa mtu anayefanya mazoezi, muziki unaofaa zaidi ni wa kati ya mapigo 120 na 140 kwa dakika. Ukizidi hapo, faida haiongezeki tena. Ni kama kumwagia maji ndoo iliyokwishajaa.

Nguvu ya muziki ilichukuliwa kwa uzito kiasi kwamba mwaka 2007 chama cha riadha cha Marekani kilipiga marufuku hedifoni kwenye mbio zake. Sababu zilikuwa mbili: usalama barabarani, na kuzuia mkimbiaji kupata faida ambayo mwenzake hana. Baadaye marufuku ililegezwa kwa wakimbiaji wa kawaida wasioshindania zawadi.

Kwa hiyo anayesema muziki haufanyi kitu, amekosea. Swali ni kama unachomfanyia mkimbiaji ndicho unachomfanyia mtu aliyekaa kwenye benchi na pedi mkononi.

MAABARA INASEMAJE?

Jibu fupi: hapana, siyo kilekile. Kukimbia mita 2,000 ni kazi ya miguu na mapafu. Kucheza gemu ni kazi ya macho, vidole na uamuzi wa haraka. Muziki unaoamsha miguu unaweza kuvitetemesha vidole.

Mwaka 2005 watafiti wa Montreal, Canada, wakiongozwa na Sylvie Hébert, waliwapa vijana wa kiume gemu la kurushiana risasi liitwalo Quake III Arena. Muziki wa gemu hilo ni tekno, yaani midundo ya mashine inayokwenda kasi. Kundi moja lilicheza na muziki, jingine likacheza kimya.

Baadaye walipimwa mate ili kuangalia kotisoli, homoni ambayo mwili huitoa unapokuwa kwenye presha. Waliocheza na tekno walikutwa na kotisoli nyingi kuliko waliocheza kimya. Gemu ni lilelile, maadui ni walewale. Kilichoongezeka ni muziki, na presha ikapanda.

Miaka miwili baadaye, Marekani, ukachapishwa utafiti mwingine wa Richard Tafalla uliotumia gemu la Doom. Huu ulikuja na matokeo ya kushangaza. Wanaume waliocheza huku muziki wa gemu ukiwa umewashwa walipata pointi karibu mara mbili ya walizopata bila muziki. Kwa wanawake, pointi hazikuonyesha tofauti.

Hapo shabiki wa bufa anaruka juu. Mara mbili! Lakini asishangilie mapema, VAR bado inaangalia.

Mwaka 2009 Gianna Cassidy na Raymond MacDonald wa Glasgow, Scotland, waliwapa watu gemu la kuendesha gari. Wengine waliendesha bila muziki, wengine na muziki waliouleta wenyewe, wengine na muziki uliochaguliwa na watafiti, wa taratibu au wa kuchangamsha. Waliopigiwa muziki wa kuchangamsha ambao hawakuuchagua ndio walioharibu zaidi, na walisema muziki uliwavuruga. Waliocheza na nyimbo zao wenyewe ndio waliofurahia zaidi.

Ukiziweka tafiti hizo tatu mezani, unaona hazigombani. Muziki wa kasi unapandisha mzuka. Mzuka huo unaweza kukupa pointi, na unaweza kukuharibia. Inategemea unafanya kazi gani, na nani aliyeuchagua wimbo.

KIPIMO CHA MWAKA 1908

Jambo hili lina historia ndefu kuliko PlayStation. Mwaka 1908 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Robert Yerkes na John Dodson, walifanya majaribio kwa panya na kugundua kitu ambacho makocha wa mpira wanakijua kwa macho tu.

Mzuka ukiwa mdogo sana, kiumbe analala. Ukiongezeka kidogo, anafanya vizuri. Ukizidi, anaharibu. Na kazi ikiwa ngumu zaidi, ndivyo anavyoharibu mapema zaidi.

Kwa lugha ya uwanjani: beki anayetakiwa kupiga mpira mbele tu, mzuka mwingi haumsumbui sana. Anakimbia, anaruka, anabutua. Lakini straika aliyebaki na kipa anahitaji utulivu. Akiwa na mzuka wa beki, mpira unakwenda jukwaani.

Kwenye gemu ni hivyohivyo. Kukimbiza mpira, kukaba kwa nguvu, kubonyeza kitufe cha kasi mfululizo, hizo ni kazi za beki. Hapo bufa linaweza kukusaidia. Ila kumalizia kunataka muda sahihi.

Tangu FIFA 19, mchezaji anaweza kubonyeza kitufe cha kupiga mara mbili: mara ya kwanza kuvuta mguu, mara ya pili pale mguu unapokaribia kugusa mpira. Ukipatia, shuti linakuwa kali na sahihi. Ukiwahi au ukichelewa kidogo tu, shuti linaharibika. Anayefanya hivyo huku vidole vinafuata mdundo wa bufa atawahi, na hatajua kwa nini amewahi.

SINGELI INAKIMBIA KULIKO MOYO

Hapa ndipo Dar es Salaam inapokuwa na hadithi yake. Tekno ya kawaida inacheza kwenye mapigo kama 120 hadi 150 kwa dakika. Amapiano ya Afrika Kusini iko chini zaidi, kwenye 110 na kidogo. Singeli ni habari nyingine. Inaanzia kama 200, na nyingine zinafika 300.

Ni muziki wa kompyuta kwa asilimia zote, uliozaliwa uswahilini kwenye vigodoro na studio ndogo za Manzese, Tandale na Mburahati. Mafundi wake walichukua vipande vya taarabu, wakaviongezea kasi, wakaweka ngoma juu yake, MC akamwaga maneno. Kina Msaga Sumu na Man Fongo wakaufikisha redioni. Mwaka 2017 albamu ya Sounds of Sisso, iliyokusanya kazi za studio ya Sisso ya Mburahati, ikatolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na madisko ya Ulaya yakaanza kuicheza.

Kasi hiyo iko mbali na zile 120 hadi 140 za Profesa Karageorghis. Ndiyo maana watu wengi wakicheza singeli hawachezi kila pigo. Mwili unakamata pigo moja na kuruka moja. Singeli ya 260 inakuwa 130 miguuni, na hapo raha inakolea.

Vidole kwenye pedi havina akili ya miguu. Havipumziki. Mtu aliyezama kwenye gemu hana nafasi ya kuhesabu pigo lipi akamate na lipi aliache. Presha inapanda, macho yanabana kwenye mpira tu, na beki wa pembeni anayekimbia peke yake upande wa pili haonekani.

Kisha kuna maneno. Muziki wenye maneno ya lugha unayoielewa unaiba akili kuliko muziki mtupu, kwa sababu kichwa hakiwezi kuzuia kusikiliza. MC wa singeli anayetania mtaa wako kwa Kiswahili anakuingia kichwani kuliko DJ wa Berlin asiyesema kitu. Utacheka. Ukicheka, umepoteza nusu sekunde, na nusu sekunde kwenye gemu ni bao.

MWENYE KIBANDA NDIYE DJ

Turudi kwenye ule utafiti wa Glasgow, maana ndiyo unaogusa kibanda zaidi. Muziki ulioumiza ni ule wa kuchangamsha uliochaguliwa na mtu mwingine.

Sasa, kibandani nani anachagua? Mwenye kibanda. Simu ni yake, bufa ni lake, kelele ndizo zinazoita wateja kutoka barabarani. Mchezaji anayeshika pedi hana sauti. Anacheza na muziki wa mtu mwingine, tena wa kasi, tena karibu na sikio.

Anayeshinda humo ni nani? Mara nyingi ni yule anayeshinda hapo kila siku. Nyimbo anazijua, bufa amelizoea, halisikii tena. Kwake ni kama kelele za feni. Mgeni kutoka mtaa wa pili, hata awe fundi kiasi gani, anakutana na vitu viwili kwa wakati mmoja, mpinzani na bufa.

Mashabiki wa mpira wana jina la jambo hilo. Ni uwanja wa nyumbani. Timu inayokwenda ugenini inajua kelele zitakuwepo, ngoma zitapigwa, na kazi ya kocha ni kuwaandaa vijana wasizisikie. Kibanda cha gemu kina wenyeji na wageni wake vilevile, na bufa ndilo jukwaa la mashabiki wa mwenyeji.

Kwa anayecheza kwa raha, hilo si tatizo. Kwa anayetaka kwenda mbele, ni jambo la kufikiria. Mwaka 2019 kwenye ukumbi wa O2, London, Mohammed Harkous wa Ujerumani, maarufu kwa jina la MoAuba, alimfunga Mosaad Aldossary wa Saudi Arabia kwenye fainali ya dunia ya gemu la FIFA. Jumla ya matokeo ilikuwa 3-2. Tofauti ya bao moja ilikuwa na zawadi ya dola 250,000.

Kwenye ngazi hiyo hakuna anayepaisha mpira akasingizia bufa. Lakini kila aliyefika huko alianzia kwenye chumba fulani, na pedi fulani, na kelele fulani.

HATA SHERIA ZA MPIRA ZINAJUA

Tazama basi la timu yoyote kubwa linapofika uwanjani. Wachezaji wanashuka na hedifoni kubwa masikioni, hawaangalii mtu. Kila mmoja na wimbo wake. Chumba cha kubadilishia nguo nacho kina spika, na mara nyingi kuna mchezaji mmoja aliyepewa kazi ya kuwa DJ.

Halafu wanapanga mstari kwenye korido ya kuingilia uwanjani. Hedifoni zimebaki ndani. Sheria namba 4 ya mpira wa miguu, inayohusu vifaa vya mchezaji, haimruhusu kuingia na kifaa cha kielektroniki cha mawasiliano, ukiacha vile vya kupimia mwenendo wake uwanjani. Muziki kazi yake imeisha. Ameshaamshwa, sasa anatakiwa kufikiri.

Ni kilekile walichofanya watengenezaji wa FIFA 98. Muziki kwenye kupanga kikosi, kimya kwenye mechi. Mpira wa nyasi na mpira wa skrini vimefika mahali pamoja bila kuulizana.

MCHEZAJI AFANYEJE?

Anayetaka kujijua ana njia rahisi na ya bei nafuu. Acheze mechi 10 na muziki na 10 bila muziki, mpinzani awe yuleyule na timu zilezile. Asizicheze zote 10 za muziki kwanza, apishanishe, moja hivi na moja vile, ili uchovu usimdanganye. Aandike mabao aliyofunga, aliyofungwa na nafasi za wazi alizokosa. Daftari halina upendeleo.

Wengi watakuta wanafanya vizuri kwa mtindo wa wachezaji wa kweli. Dakika 10 kabla ya mechi, singeli ifunguliwe mpaka mwisho, mwili uamke. Mechi ikianza, sauti ishushwe, au muziki ubadilishwe uwe wa taratibu na usio na maneno.

Wimbo wa mechi uwe wa zamani, unaoujua mpaka mwisho. Wimbo mpya unataka kusikilizwa, na anayesikiliza hachezi. Ukifungwa bao, usiongeze sauti kwa hasira. Hapo mzuka umeshazidi, unachohitaji ni kushusha pumzi.

Na mwenye kibanda naye anaweza kusaidia bila kupoteza wateja. Bufa likielekezwa mlangoni badala ya kwenye benchi la wachezaji, barabara itasikia na vidole vitapumua. Siku ya mashindano ya mtaa, watu wakiwa wamechangishana hela ya zawadi, haki inataka wote wacheze kwenye hali moja: ama kimya kwa wote, au kila mtu na wimbo wake kwenye hedifoni.

Kuhusu kijana aliyepaisha mpira dakika ya 88, kisingizio chake kina ukweli kidogo. Bufa lilimharakisha. Lakini mpinzani wake alikuwa amekaa benchi lilelile, bufa ni lilelile, na dakika moja baadaye alifunga.

Yule hakuwa na masikio ya chuma. Alikuwa mwenyeji. Foleni ikifika tena, mgeni ana mambo mawili ya kuchagua: kuomba sauti ipunguzwe, au kuja kila siku mpaka bufa liwe lake.